Lawama kwa polisi zikipanda mtandaoni: mwongozo kamili kwa anayeshika simu ya ofisi, Mwanza

Mwongozo huu ni wa wanaoshika simu za ofisi: dawati la habari la mkoa, ofisi ya OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), mkuu wa kituo, na hasa mkaguzi wa polisi kata aliyeingizwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa yote ya kata yake, anayeamkia swali la "afande, ile defenda ya jana usiku imembeba nani?" Mwananchi wa Ilemela au Sengerema anayetaka kujua lalamiko lake linapita wapi na linakwamia wapi, naye atayaona humu.

Msimamo wetu ni huu, na hatua zote zinautegemea: jibu la mtandaoni ni risiti tu. Linamwambia mtu kwamba alichosema kimepokelewa na kina namba. Kama kituoni hakuna anayekifanyia kazi, risiti hata iandikwe vizuri namna gani haimsaidii. Inamwongezea hasira, maana sasa ana maandishi yanayoonyesha kwamba mlijua na mkakaa kimya.

Kabla lawama haijafika

Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ilidukuliwa na kutumika kusambaza uongo kwamba Rais amefariki. X ikaanza kugoma kufunguka nchini. Ikiwa akaunti ya taifa iliingiliwa, ya wilaya nayo inaingilika.

Laini inayofungulia akaunti isajiliwe kwa jina la ofisi, isiwe ya koplo fulani kwa alama ya kidole chake. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na namba za kuthibitisha zitoke kwenye programu ya simu badala ya SMS, kwa sababu mjanja akifanikiwa kuirenyu laini yako, SMS zote zinamfuata yeye. Namba za akiba za kufungulia akaunti zichapwe, zitiwe kwenye bahasha na kufungiwa kabatini kwa mkuu wa kituo. Wanaoruhusiwa kuposti wawe wawili. Mmoja anaandika, mwingine anasoma kabla haijatoka. Na askari akipata uhamisho, nenosiri libadilishwe siku hiyohiyo anapokabidhi ofisi. Ukipuuza hili utakuja kugundua siku ya tukio kwamba admini pekee wa ukurasa yuko Kigoma na simu yake haipatikani.

Jambo la pili ni nani anasema nini. Kwa mkoa, anayesema ni RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, au aliyemteua. Polisi kata anaweza kupokea taarifa, kuelekeza na kukumbusha. Hatakiwi kutaja chanzo cha kifo, idadi ya waliokamatwa, wala kuandika "mtuhumiwa amekiri". Sentensi ya namna hiyo kwenye grupu la mtaa inafika kwa wakili wa utetezi kabla jalada halijafika kwa mwendesha mashtaka.

Jambo la tatu: weka kanuni za ukurasa mahali panapoonekana, mistari mitano au sita, zikieleza nini kitafutwa na nini kitaachwa. Utazihitaji baadaye.

Sikiliza watu wanapoongelea

Lawama nzito hazianzii kwenye ukurasa wa polisi. Zinaanzia kwenye grupu la bodaboda wa Igoma, grupu la wauza dagaa na sangara wa Mwaloni Kirumba, grupu la BMU (kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za uvuvi) la mwalo fulani wa Ukerewe, kisha zinaruka TikTok na Instagram, na wanaotumia VPN wanazipeleka X. Zikifika kwenye komenti zenu, mji mzima umeshazisikia.

Ukitafuta neno "Jeshi la Polisi" hutapata kitu, kwa sababu raia aliyekasirika haandiki hivyo. Tafuta "trafiki" pamoja na jina la kituo cha daladala, "defenda", "karandinga", "askari kanzu", "kubambikiwa", "hela ya dhamana", "hela ya mafuta", "PF3" (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali). Neno "hela ya mafuta" lina uzito wake: anayeliandika mara nyingi aliibiwa, akaenda kuripoti, akaambiwa gari la kumfuata mwizi halina mafuta. Hilo ni lalamiko kamili hata kama limeandikwa kwa utani na vikaragosi vya kucheka.

Pita asubuhi, mchana na saa 2 usiku. Usiku ndiko mambo yanakolipukia, watu wakiwa wamerudi nyumbani na bando la usiku.

Pima uzito wake

Zigawe lawama kwa kile zinachodai kutoka kwenu. Tuhuma dhidi ya askari anayetambulika (amepiga, amechukua pesa, amebambika kesi) zinapewa namba na zinaenda kwa OCD ndani ya saa hiyohiyo, hata kama aliyeposti ametukana. Huduma mbovu, kama simu isiyopokelewa au jalada lililolala miezi mitatu, zinaenda kwa mkuu wa kituo husika. Uvumi unaotishia usalama unahakikiwa na kujibiwa hadharani. Dhihaka tupu iacheni ipite. Polisi akianza kubishana na mchekeshaji, mchekeshaji ndiye anayepata wafuasi.

Kuna aina moja inayopotea sana: swali lililovaa lawama. "Nyie polisi ni kula tu, bodaboda analipishwa elfu thelathini!" Ndani yake kuna swali la haki. Faini ya kosa la barabarani kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 mwaka 2021. Aliyelipishwa 30,000 kwa pikipiki ama ana makosa matatu, ama amekosewa, ama amelizwa. Mjibu kwa kiwango hicho, mwambie kwamba malipo halali yanaingia kwa kontroo namba na kamwe hayaishii mkononi mwa askari, kisha muulize kama alipewa namba hiyo. Jibu la sentensi tatu kama hilo linasomwa na bodaboda wengine wengi ambao hawakuuliza.

Hifadhi, kisha hakiki

Kabla ya kujibu chochote, piga skrinishoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, na nakili kiungo cha posti. Video ipakueni. Mkimpata aliyerekodi, mwombeni aitume kama faili, si kama video ya kawaida ya WhatsApp. Ikitumwa kawaida inabanwa, namba ya gari inakuwa ukungu, na taarifa za lini ilirekodiwa zinapotea.

Halafu ulizeni mambo mawili: ni hapa? ni sasa? Video za zamani hurudi kila mara jina la polisi linapochafuka. Alama za mahali zinasaidia kuliko programu yoyote. Mtu akiposti "leo hii Kigongo" na nyuma yake magari yamepanga foleni ya kivuko, kumbuka kwamba daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Namba za magari hutolewa kwa mfuatano, kwa hiyo gari lenye herufi za mwisho zilizotoka karibuni haliwezi kuwa kwenye tukio la 2018. Angalia mabango ya matangazo, jezi za timu, sare, na lafudhi ya wanaopiga kelele pembeni. Kisukuma cha nyuma ya kamera kinakuambia kitu, na kukosekana kwake pia kunakuambia kitu.

Mkigundua kwamba video ni ya zamani, msikimbilie kuipiga muhuri mwekundu wa UZUSHI. Muhuri huo umetumika ovyo hadi umepungua nguvu, kwa sababu haumwambii msomaji kipi ni uongo. Semeni: "Video hii ni ya kweli, lakini ilirekodiwa kabla ya daraja kufunguliwa, na haihusiani na tukio la jana." Tena, kama ilikuwa ya kweli wakati huo, mtu atauliza yule askari alichukuliwa hatua gani. Muwe na jibu.

Saa mbili za kwanza

Hapa ndipo ofisi nyingi zinapoharibu, ama kwa kunyamaza hadi kesho kutwa zikisubiri taarifa rasmi yenye nembo, ama kwa kukanusha kabla ya kuuliza. Tuseme saa 2:40 asubuhi kumesambaa video ya trafiki akipokea kitu kutoka kwa dereva wa bajaji pale Buhongwa. Jibu la kwanza linaweza kuwa hivi:

"Habari ndugu. Video ya askari wa barabarani na dereva wa bajaji Buhongwa tumeiona leo saa 3:20 asubuhi. Ofisi ya usalama barabarani wilaya inaangalia nani alikuwa zamu. Aliyerekodi, au dereva mwenyewe, atuandikie inboksi au afike dawati la malalamiko. Jina lake halitatajwa hapa. Tutarudi hapahapa saa 11 jioni leo, hata kama uchunguzi haujaisha."

Angalia kilichomo. Saa mliyoiona imetajwa, hivyo hakuna wa kudai mlilala. Kazi imetajwa pamoja na ofisi inayoifanya. Mtoa taarifa amehakikishiwa jambo moja dogo linaloweza kutimizwa. Saa ya kurudi ipo. Angalia pia kisichokuwemo: "baadhi ya watu wenye nia ovu", "taarifa hizo zipuuzwe", "video imekatwa". Inawezekana kweli imekatwa. Mkitaka yote, ombeni yote. Mkimtuhumu aliyerekodi, wale wengine watatu waliokuwa pale na simu zao hawatajitokeza.

Mwite mtu "ndugu", "mama" au "kaka" kama mnavyoitana kaunta. "Ndugu mwananchi, Jeshi lako la Polisi linapenda kukutaarifu" linasomeka kama mlango unaofungwa.

Saa 11 ikifika, rudini. Hata kama mlichonacho ni "askari watatu wa zamu wameandika maelezo, dereva bado hajapatikana", andikeni hivyohivyo. Kuvunja ahadi ya saa kunafuta yote mliyojenga asubuhi.

Itoe kwenye komenti, iingie kwenye daftari

Usimwombe mtu aandike namba ya RB (namba ya taarifa aliyopewa kituoni), ya simu au jina la mtuhumiwa hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaibana ofisi ya serikali kama inavyoibana kampuni. Hatari ya papo kwa papo ni matapeli. Wanavizia chini ya posti zenu, wanafungua akaunti yenye nembo ya polisi, wanamfuata mlalamikaji inboksi: "tuma elfu ishirini jalada lako lifunguliwe." Kwa hiyo mkimwelekeza mtu inboksi, muandikieni nyinyi kwanza, na mwambieni hadharani kwamba hakuna malipo yoyote. Namba ya tapeli aitume kwenda 15040, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli.

Kila lalamiko lipewe mstari kwenye daftari: tarehe, saa, lilikotoka, linahusu nini, limekabidhiwa nani, limejibiwa lini. Daftari la kawaida la kaunta kwaya linatosha. Mfumo wa kompyuta ambao hakuna anayeujaza hauna faida.

Uchunguzi usifanywe na kituo kinacholalamikiwa. Kata ikilalamikiwa, kazi iwe ya wilaya. Wilaya ikilalamikiwa, iwe ya mkoa. Anayechunguza aanze na vitabu kabla ya watu: orodha ya zamu, daftari la matukio, daftari la mahabusu, kumbukumbu ya gari lililotoka na saa lilipotoka. Tumeona mara nyingi "hatukuwa na doria eneo hilo" ikipinduliwa na daftari la gari la kituo hichohicho. Madai ya pesa yapelekwe TAKUKURU, na mlalamikaji apewe namba 113 aweze kwenda mwenyewe. Asiyeridhika na polisi aelekezwe Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora bila kununiwa. Kumficha mtu njia ya rufaa kunampeleka moja kwa moja kwenye TikTok laivu.

Lalamiko la kifo mikononi mwa polisi lina utaratibu wake, na hapa simu inashikwa na mkubwa peke yake. Familia iambiwe ana kwa ana kabla ya posti yoyote. Chanzo cha kifo husemwa na daktari, na pale sheria inapotaka, na mahakama. Posti inayotaja chanzo saa nne baada ya kifo haiaminiki hata ikiwa sahihi, kwa sababu kila msomaji anajua uchunguzi wa mwili haujafanyika.

Jibu la pili

"Uchunguzi unaendelea" ni sentensi halali mara moja. Mara ya tatu inasomeka kama kicheko. Jibu la pili liseme kilichobadilika: askari ametambuliwa, ameondolewa barabarani, mashtaka ya kinidhamu yamefunguliwa, maelezo ya dereva yamechukuliwa, taarifa nyingine ni Ijumaa. Majina yasubiri. Askari anayetuhumiwa naye ana haki ya kusikilizwa kabla picha yake haijawekwa ukurasani, kama ilivyo kwa mshukiwa mwingine yeyote. (Wanaoposti nyuso za vijana waliokamatwa usiku kabla hawajafikishwa mahakamani walifikirie hili kwa pande zote mbili.)

Ikiwa tuhuma si ya kweli, onyesheni mlivyofika hapo: dereva aliandikiwa kosa saa fulani, kontroo namba ilitoka, malipo yalionekana kwenye mfumo. Msiweke karatasi yenye jina lake.

Taarifa ya RPC ikiwekwa kama picha ya barua yenye muhuri na sahihi, maandishi yake yarudiwe chini ya picha. Kwenye simu ya bei rahisi barua ya ukurasa mzima haisomeki, na asiyeweza kuisoma atasubiri mwenzake amsimulie.

Kufuta na kublok

Futa bila kusita: picha au jina la mtoto, utambulisho wa mtu aliyebakwa, namba za simu za watu, picha za maiti, matangazo ya kitapeli, vitisho vya wazi vya kumdhuru mtu. Piga skrinishoti kwanza, andika sababu kwenye daftari.

Matusi ya jumla, kejeli, "polisi wote wezi", yaacheni. Ukifuta komenti, mwenyewe anayo skrinishoti, na sasa ana habari ya pili: "wamefuta". Kwenye grupu la WhatsApp ni mbaya zaidi, kwani admini akifuta, alama ya ujumbe uliofutwa inabaki pale kila mtu akiiona. Kublok kuwe kwa akaunti bandia na za kitapeli. Kufunga sehemu ya komenti kunaruhusiwa kwa saa chache pale utambulisho wa mhanga unapopostiwa tena na tena kuliko mnavyoweza kufuta. Semeni kwa nini, semeni mtafungua lini.

Msianzishe pia kampeni za kujisifu wakati mna malalamiko yasiyojibiwa. Aprili 2014 polisi wa New York waliwaomba watu waposti picha zao na askari kwa alama ya #myNYPD. Siku hiyohiyo alama ile ilijaa picha za watu wakipigwa na kuburutwa.

Pale sheria inapoishia

Ibara ya 18 ya Katiba inampa mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu taarifa za uongo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Lakini kisomeni chote: mtu awe anajua kwamba ni uongo, na awe na nia kama ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Mama aliyeandika "mwanangu amepigwa kituoni" kwa kuwa amemwona na majeraha hajui kwamba ni uongo hata kama alikosea kituo. Kumwita kwa mahojiano kunageuza lalamiko moja kuwa habari ya nchi nzima.

Intaneti nayo ilizimwa kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Siku zile malalamiko yalihamia misibani, vijiweni na kwenye simu za ndugu walio nje, mahali ambapo hakuna afisa habari wa kuyajibu.

Ajali ya ziwani

Hili ni la kwetu wa kanda ya ziwa. MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, idadi ya waliokufa ilipanda kwa siku kadhaa hadi kupita 220, na kusimamishwa kwa uokoaji usiku kulilaumiwa sana, zaidi pale fundi wa kivuko alipopatikana hai siku mbili baadaye. Kwa hiyo kila takwimu itoke na saa yake: "hadi saa 4:00 asubuhi". Asiandike mtu "idadi kamili" kabla zoezi halijafungwa. Kazi ikisimama, semeni imesimama kwa sababu gani na inaanza saa ngapi, kabla hamjaulizwa. Na teueni mtu mmoja wa kujibu ndugu tu, mwenye orodha ya majina mkononi, asiyehusika na kuposti.

Askari na simu zao, na kukabidhi zamu

Askari asijibu lawama kwa akaunti yake binafsi, hasa ile yenye picha ya sare. Kejeli moja ya konstebo inasomwa kama kauli ya Jeshi zima. Anayelaumiwa kwa jina akabidhi alichonacho kwa mkuu wake, na mkuu ampigie yeye kabla hajaona mwenyewe mtandaoni.

Kila Jumatatu toeni kwenye daftari karatasi moja kwa OCD: malalamiko mangapi, ya aina gani, wapi, saa ngapi. Matatu kuhusu kizuizi kilekile, siku zilezile, yanaonyesha zamu ya kubadilisha. Hayo OCD anayamaliza kwa kalamu yake, bila posti.

Anayekabidhi simu kwa zamu ya usiku aache pia ahadi zilizo wazi: tuliyemwambia tutarudi, saa ngapi, na jalada liko kwa nani. Chaja iachwe pamoja na simu.